Kubaki kumoja, kuondoka kwingi: jinsi ya kupima kura ya Uingereza ya 2016

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa swali moja lenye majibu mawili: nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au iondoke. Asilimia 51.9 walijibu iondoke, asilimia 48.1 wakajibu ibaki, na waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2 ya walioandikishwa, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa katika uchaguzi mkuu wowote nchini humo tangu 1992. Anayetaka kuelewa kwa nini mpiga kura mwenye akili timamu anaweza kuamua kutoka katika umoja wa kisiasa na kiuchumi, au anayetaka kujiandaa kwa siku ambayo yeye mwenyewe ataulizwa swali la namna hiyo, atapata mengi ya kujifunza hapa. Ila ni lazima alinganishe ipasavyo, kwa sababu majibu yale mawili hayakuwa na uzito wa aina moja. Kubaki kulikuwa ni hali moja iliyojulikana, yenye mikataba iliyoandikwa na faida na gharama zilizokwisha kuonekana kwa miaka 43. Kuondoka kulikuwa ni jina moja la hali nne zinazotofautiana sana, na karatasi ya kura haikusema ni ipi kati ya hizo.

Tuanze na sababu za waliotaka kuondoka, maana ndizo zinazopotoshwa zaidi. Wengi nje ya Uingereza waliamini kwamba watu walidanganywa juu ya uchumi, kisha wakapiga kura kwa kuufuata uongo huo. Utafiti wa maoni uliofanywa siku ya kura na Lord Ashcroft, mwanasiasa na mpimaji wa maoni, uliowahoji zaidi ya watu 12,000, unaonyesha picha tofauti. Miongoni mwa waliochagua kuondoka, asilimia 49 walisema sababu yao kuu ilikuwa kwamba maamuzi yanayoihusu Uingereza yafanywe Uingereza. Asilimia 33 walitaja udhibiti wa uhamiaji na mipaka. Walioamini kwamba kuondoka kungeinufaisha nchi kibiashara na kiuchumi, wakaliweka hilo mbele ya mengine yote, walikuwa asilimia 6 tu. Kwa hiyo anayewajibu watu hawa kwa hesabu za pato la taifa pekee anajibu swali ambalo hawakuuliza.

Hoja ya mamlaka ilikuwa na mzizi wa kweli. Mwaka 1988 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka meli zinazovua samaki kwa mgao wa Uingereza ziwe kweli mali ya Waingereza, kwa sababu meli nyingi zenye wamiliki wa Hispania zilikuwa zimesajiliwa nchini ili zipate mgao huo. Kampuni ya Factortame na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba hakimu wa nchi mwanachama anaweza kusimamisha sheria ya nchi yake inapozuia haki zinazotokana na sheria ya Ulaya, na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikaizuia serikali kuitumia sheria ile. Katika nchi isiyo na katiba moja iliyoandikwa, ambako watoto hufundishwa kwamba hakuna chombo kilicho juu ya Bunge, lilikuwa ni jambo zito. Isitoshe, tangu miaka ya 1980 maamuzi mengi ya Ulaya yalihama kutoka kwenye maafikiano ya wote kwenda kwenye kura ya wingi maalumu: asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu wote zinatosha kupitisha sheria, hata kama London imepinga.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaona ugumu kuihisi kero hiyo, kwa kuwa wakuu wa nchi wa Jumuiya yetu huamua kwa maafikiano, na malalamiko tunayoyasikia Arusha kwa kawaida ni ya upande wa pili: kwamba yaliyoafikiwa hayatekelezwi. Umoja wa Ulaya ulichukiwa na baadhi ya watu wake kwa sababu sheria zake hutekelezwa kwelikweli.

Upande wa kubaki nao ulikuwa na jibu lenye nguvu. Uingereza ilikuwa na waziri wake mezani, jaji wake mahakamani na wabunge 73 katika Bunge la Ulaya, kwa hiyo sheria alizozifuata Mwingereza alikuwa na mkono katika kuziandika. Na kama kweli Bunge la London lingekuwa limepoteza mamlaka yake ya mwisho, lisingeweza kamwe kuamua kutoka. Serikali yenyewe, katika waraka wake wa Februari 2017 wa kueleza mpango wa kuondoka, ilikiri kwamba Bunge lilikuwa na mamlaka kamili wakati wote, isipokuwa watu hawakuwa wakihisi hivyo kila mara. Ungamo hilo lilikuja miezi saba baada ya kura.

Kuna jambo jingine ambalo upande wa kubaki haukulijibu vizuri. Wapiga kura waliulizwa mara ya kwanza mwaka 1975, na asilimia 67.2 walikubali kubaki katika kilichokuwa kikiitwa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliigeuza jumuiya hiyo kuwa umoja wenye uraia wake na mpango wa sarafu moja. Wadenmark waliulizwa, wakakataa mara ya kwanza. Wafaransa waliulizwa, wakakubali kwa asilimia 51. Waingereza hawakuulizwa. Ilipofika 2016, kila raia aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 59 hakuwahi kutoa idhini yake, wala ile ya kwanza. Umoja unaobadilika mfululizo bila kurudi kwa wananchi hulimbikiza deni, na siku deni hilo linapodaiwa hudaiwa lote kwa mkupuo.

Hata hivyo, kubaki kwa Uingereza hakukuwa sawa na kubaki kwa Ufaransa au Ujerumani. Uingereza haikuwa katika sarafu ya yuro. Haikuwa katika eneo la Schengen, kwa hiyo iliendelea kukagua pasipoti mipakani. Tangu 1984 ilirudishiwa sehemu ya mchango wake wa fedha. Februari 2016 Waziri Mkuu David Cameron aliongezewa ahadi kwamba nchi yake haitahusishwa na lengo la kuungana zaidi na zaidi. Kwa maneno mengine, ilikuwa na uanachama mwepesi kuliko wa karibu nchi nyingine yoyote, na mpiga kura aliyekuwa akiukimbia umoja wa sarafu au wa mipaka alikuwa akikimbia vitu ambavyo nchi yake haikuwemo.

Upande wa fedha unastahili maneno machache tu. Maandishi kwenye basi jekundu la kambi ya kuondoka yalidai kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ililikemea dai hilo kwamba linapotosha, kwa sababu ile sehemu ya mchango iliyorudishwa ilikatwa kabla fedha hazijaondoka, na kilichotumwa kilikuwa karibu milioni 250, ambacho nacho kilirudi kwa sehemu kupitia ruzuku za wakulima, mikoa na vyuo vikuu. Wizara ya Fedha nayo ilitangaza kwamba kufikia 2030 kila kaya ingekuwa na hasara ya pauni 4,300 kwa mwaka. Tarakimu ile ilikuwa makadirio yaliyovishwa vazi la uhakika, na wapiga kura wengi waliidharau. Pande zote mbili zilitumia namba kama rungu.

Uhamiaji unahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Nchi 10 zilipojiunga na Umoja mwaka 2004, Uingereza, Ireland na Sweden pekee ndizo zilizofungua soko lao la ajira mara moja. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali yalisema wangekuja kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka, nao wakaja mara nyingi zaidi ya hapo. Mji wa Boston katika Lincolnshire, ambako mashamba ya mboga yalivuta wavunaji na wafungashaji kutoka Poland, Lithuania na Latvia, ndio uliotoa kura nyingi kuliko kwingine kote kwa upande wa kuondoka: asilimia 75.6. Mtu wa Boston aliyeona foleni ya zahanati ikirefuka na kodi ya nyumba ikipanda hakuhitaji gazeti kumwambia kwamba kuna mabadiliko. Kwa upande mwingine, London, yenye wahamiaji wengi kuliko mji wowote, ilichagua kubaki kwa asilimia karibu 60, na hiyo inaonyesha kwamba kasi ya mabadiliko katika mji mdogo iliuma kuliko wingi wenyewe wa wahamiaji.

Hapa ndipo mpiga kura alipopaswa kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Kudhibiti uhamiaji ni jambo moja, kuupunguza ni jingine. Tangu Januari 2021 Uingereza imekuwa ikitoa viza kwa mfumo wa alama bila kumpendelea Mlaya, na kwa hiyo udhibiti umepatikana. Lakini katika mwaka ulioishia Juni 2023 idadi ya walioingia ilizidi ya waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000, moja ya viwango vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuonekana, wengi wao wakiwa wanafunzi, wauguzi na watunza wazee kutoka India, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko nje ya Ulaya. Baadaye masharti yalikazwa na idadi ikashuka. Aliyepiga kura ili serikali yake iwe na ufunguo wa mlango ameupata, na aliyepiga kura ili mlango ufungwe aligundua kwamba mwenye ufunguo alikuwa na sababu zake za kuufungua.

Sasa tuje kwenye kuondoka kwenyewe, na tuziweke zile hali nne kando kwa kando na kubaki.

Njia ya kwanza ni ya Norway. Wanorwe walikataa uanachama mara mbili kwa kura, mwaka 1972 na mwaka 1994, lakini wamo ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Bidhaa, huduma, mitaji na watu wanapita kwa uhuru, na kilimo na uvuvi wao unabaki mikononi mwao. Lakini wanachangia fedha, wanapokea wafanyakazi wa Ulaya, na wanatekeleza sheria za soko la pamoja bila kuwa na kura katika kuzipitisha. Na kwa kuwa hawamo katika umoja wa forodha, malori yanayovuka kutoka Sweden pale Svinesund bado husimama kwa ajili ya forodha. Ukiipima njia hii kwa hoja ya mamlaka, inashindwa hata na kubaki, maana mwanachama hupiga kura na Mnorwe husomewa matokeo. Ukiipima kwa hoja ya mfuko, ndiyo inayoumiza kidogo kuliko nyingine zote za kuondoka.

Njia ya pili ni ya Uturuki, ambayo iko katika umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa za viwandani tangu mwisho wa 1995. Kiwanda cha magari kinaipenda hali hii, kwa sababu kipuri kinavuka mpaka bila kuulizwa kilitengenezwa wapi. Kasoro yake ni kubwa: Umoja wa Ulaya ukifanya mkataba wa biashara na nchi nyingine, Uturuki inalazimika kuifungulia nchi hiyo soko lake, lakini yenyewe haipati moja kwa moja nafasi ya kuuza huko. Katika njia hii taifa linaacha kiti chake mezani na bado sera yake ya ushuru inapangwa na wengine.

Njia ya tatu ni ya Kanada: mkataba wa biashara huria na basi. Hii ndiyo Uingereza iliyoifuata hatimaye, kwa mkataba uliokamilishwa tarehe 24 Desemba 2020. Hakuna ushuru wala kikomo cha kiasi kwa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili yake, Uingereza inatunga sheria zake, na haiwajibiki kupokea wafanyakazi wa Ulaya. Gharama yake imejificha katika makaratasi. Wafugaji wa kome wa kaskazini ya Wales walikuwa wakiwapakia kome hai kwenye malori kwenda bara la Ulaya, ambako walisafishwa na kuuzwa. Kuanzia Januari 2021 biashara hiyo ilisimama, kwa kuwa sheria ya Ulaya hairuhusu nchi isiyo mwanachama kupeleka kome hai waliotoka katika maji ya daraja la pili kwa usafi kabla hawajasafishwa. Ushuru ulikuwa sifuri, na mauzo nayo yakawa sifuri. Benki za London zilipoteza haki ya kuuza huduma kote Ulaya kwa leseni moja. Muuza jibini mdogo, ambaye zamani alituma vifurushi Ufaransa kwa gharama ya posta tu, alikuta kwamba kila shehena inahitaji cheti cha daktari wa mifugo.

Njia ya nne ni kuondoka bila mkataba wowote na kufuata kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Magari yangetozwa asilimia 10 yakiingia Ulaya, na mfugaji wa kondoo angekutana na ushuru mkubwa zaidi ya huo. Ina usafi wa kimantiki kwa anayetaka kutofungwa na lolote, lakini sijaona jambo hata moja la kiutawala ambalo njia hii inalitoa na ya Kanada hailitoi.

Kwamba hizi zilikuwa chaguo halisi, Bunge lenyewe lilithibitisha. Mkataba wa kuondoka wa Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, ulikataliwa mara ya kwanza, tarehe 15 Januari 2019, kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe 27 Machi wabunge walipigia kura mapendekezo manane tofauti na hakuna hata moja lililopata wingi. Siku chache baadaye pendekezo la umoja wa forodha lilishindwa kwa kura 3 tu. Watu milioni 17.4 walikuwa wamesema waondoke, na wawakilishi wao, miaka karibu mitatu baadaye, hawakuweza kukubaliana ni waende wapi.

Ireland ya Kaskazini ilikuwa na mizani yake peke yake. Asilimia 55.8 ya wapiga kura wake walichagua kubaki. Mpaka wake na Jamhuri ya Ireland una urefu wa karibu kilomita 500, na tangu Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 watu huuvuka kwenda kazini na kanisani bila kusimama. Ukitaka soko lako liwe tofauti na la Ulaya, lazima ukaguzi ufanyike mahali fulani, na kuuweka kwenye mpaka ule kulikuwa kuhatarisha amani. Ukawekwa baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza nyingine, ukalegezwa kwa makubaliano ya Windsor ya 2023, na bado unawaudhi wale wanaojihesabu Waingereza kuliko wote.

Mfano unaopaswa kuwekwa karibu na wa Uingereza ni wa Greenland, ambao husahauliwa mno. Kisiwa hicho kiliingizwa mwaka 1973 pamoja na Denmark ingawa asilimia 70 ya watu wake walikuwa wamekataa. Kilipopata serikali ya ndani kiliitisha kura mwaka 1982, asilimia 53 wakachagua kuondoka, na kikatoka rasmi tarehe 1 Februari 1985. Kilikuwa na shauri moja, samaki, na kilikuwa na kitu ambacho Ulaya ilikitaka, samaki haohao. Meli za Ulaya ziliendelea kuvua kwa malipo, na samaki wa Greenland wakaendelea kuingia Ulaya bila ushuru. Wavuvi wa Grimsby, bandari ya Uingereza, walidhani wangepata makubaliano kama hayo, lakini samaki wa Uingereza walikuwa bidhaa moja kati ya maelfu mezani, na mkataba wa 2020 ulipunguza kwa robo tu mavuno ya meli za Ulaya katika maji ya Uingereza, tena hatua kwa hatua katika miaka mitano na nusu.

Kuhusu uchumi kwa jumla, zile mbiu za mdororo wa papo kwa papo baada ya kura hazikutimia, na waliochagua kuondoka wana haki ya kulikumbusha hilo. Gharama imekuja polepole. Ofisi ya Uingereza ya Uwajibikaji wa Bajeti inakadiria kwamba tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa ndani ya Umoja. Mikataba mipya, kama ule wa Australia uliotumika kuanzia 2023, haijafidia pengo hilo. Kwetu athari ilionekana mara moja: Kenya, ambayo haimo katika orodha ya nchi maskini kabisa, ililazimika kusaini mkataba wake na London Desemba 2020 ili maua na maharage mabichi yake yasitozwe ushuru, ilhali Tanzania, iliyomo katika orodha hiyo, iliendelea kuuza kwa msamaha.

Mji wa Sunderland, wenye kiwanda kikubwa cha Nissan kinachouza Ulaya sehemu kubwa ya magari yake, ulichagua kuondoka kwa asilimia 61. Walioshangaa waliuita ujinga. Mimi naona watu wale waliijua hatari kuliko waliowashangaa, maana walikuwa wakiviona vipuri vikishushwa kila siku, na wakaamua kwamba sauti ina thamani ya hatari hiyo. Neno ninaloweza kuwapinga kwalo ni kwamba hawakuonyeshwa bei ya kila njia. Waskoti walipoulizwa mwaka 2014 kama wanataka nchi huru, serikali yao ilikuwa imechapisha mpango wenye kurasa zaidi ya 600 ambao wapinzani waliuchambua kifungu kwa kifungu, hasa kuhusu sarafu, na asilimia 55 wakakataa. Mwaka 2016 walioendesha kampeni ya kuondoka hawakuwa serikali, na serikali iliyoitisha kura, ikiwa upande wa kubaki, iliwazuia watumishi wake kuandaa mpango wa kuondoka.

Kwa hiyo, kwa aliyetanguliza kazi na bei ya vitu, kubaki kulikuwa bora kuliko njia zote nne, na ya Norway ingefuata kwa karibu. Kwa aliyetanguliza sheria zitungwe na watu anaoweza kuwaondoa kwa kura, ya Kanada ndiyo ilitimiza neno lake, naye alipaswa kukubali mapema kwamba Wales ingepoteza kome wake na Ireland ya Kaskazini ingekaa na mguu mmoja ndani ya soko la Ulaya. Kwa aliyetaka wahamiaji wapungue, hakuna njia hata moja iliyoahidi hilo kwa maandishi. Na kwa aliyetaka tu kuonyesha hasira yake kwa London, uchaguzi mkuu wa kawaida ungekuja kila baada ya miaka michache, tena uamuzi wake ungeweza kutenguliwa katika uchaguzi unaofuata.